Kuongoza Idara Taasisi Zinapounganishwa: Mwongozo kwa Wakuu wa Idara na Vitengo

Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni ya Tanzania, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kisheria kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikiachiwa sekta binafsi na wananchi waliojiajiri. Mjadala wa hadharani ulihusu wanachama na mafao yao, na ulistahili kuwa hivyo. Lakini kila mfuko katika hiyo minne ulikuwa na wahasibu wake, mifumo yake ya kompyuta, wanasheria wake, madereva wake na watunza kumbukumbu wake. Pale watu wa ofisi nne wanapowekwa chini ya mwajiri mmoja, kila mmoja wao hubeba swali ambalo sheria ya muungano haimjibu kwa jina: mimi nitakuwa wapi?

Miungano ya namna hii haijakoma. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji Tanzania na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, viliunganishwa kuwa TISEZA, mamlaka moja ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti 47 zilirithi majengo, madeni na wafanyakazi wa serikali za mitaa 175 zilizovunjwa. Benki, vyama vya ushirika na hospitali za mashirika ya dini nazo huungana, mara nyingi bila kutangazwa sana.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa idara au kitengo ambaye hakuamua muungano, hajui yote yaliyoamuliwa, hana uhakika na cheo chake mwenyewe, na bado ndiye anayeulizwa kila asubuhi. Ninaamini kwamba ustahimilivu wa kiongozi wa ngazi hii hautegemei ujasiri wa kuzaliwa nao. Hutegemea mambo mawili yanayowezekana kwa mtu yeyote mwenye daftari na nidhamu: kusema ukweli kwa ratiba inayojulikana, na kuhakikisha haki za kila aliye chini yako zimekaa kwenye maandishi kabla hazijahitajika. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hayo mawili.

Hatua ya kwanza: tenganisha yaliyoamuliwa na yanayosemwa

Kabla hujazungumza na mtu yeyote, chukua karatasi tatu. Katika ya kwanza andika yaliyokwisha kuamuliwa na yenye hati: sheria, tangazo katika Gazeti la Serikali, waraka, muhtasari wa kikao cha bodi, au barua yenye kumbukumbu namba. Katika ya pili andika yanayosubiri uamuzi, na mbele ya kila moja uandike ofisi itakayoamua na tarehe iliyotajwa, kama ipo. Katika ya tatu andika yanayosemwa tu, hata yale unayoyaona ya kipuuzi, kwa sababu uvumi unaoupuuza ndio unaowanyima watu wako usingizi.

Kazi hii huchukua siku nzima, na inafaa ichukue. Utagundua kwamba mengi uliyodhani umeyajua yamo kwenye karatasi ya tatu. Utagundua pia kwamba mambo mawili yasiyohusiana yamefungwa pamoja katika vichwa vya watu. Mfano mzuri ni huohuo wa mwaka 2018. Kuunganisha mifuko lilikuwa jambo moja. Kubadili kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu, lilikuwa jambo jingine, lakini yalikuja katika kipindi kimoja, na hasira juu ya la pili ikamwagikia la kwanza. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu na kuagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika katika kipindi cha mpito. Kikokotoo kipya cha pamoja, chenye mkupuo (sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu) wa asilimia 33, kilianza Julai 2022. Kiongozi wa ofisi aliyeweza kuwaeleza watumishi wake kwamba muungano una hati na tarehe, na kwamba kikokotoo ni suala linalojadiliwa mahali pengine, alikuwa na la kuwaambia. Asiyeweza kuyatenganisha alibaki kuwaomba wawe na subira.

Peleka karatasi ya pili kwa mkuu wako wa juu na umwombe tarehe za yale yasiyo na tarehe. Usimwombe majibu, maana huenda hana. Mwombe akutajie siku ambayo atakuwa amejua au atakuwa tayari kukiri kwamba bado. Ni ombi dogo ambalo wakubwa wengi huweza kulitimiza, na ndilo litakalokupa uti wa mgongo wa vikao vyako.

Hatua ya pili: jiandae wewe mwenyewe

Mkuu wa idara kwenye muungano yuko hatarini kuliko wengi wa walio chini yake, kwa hesabu rahisi: taasisi mbili zina wakuu wawili wa uhasibu, na muundo mpya unahitaji mmoja. Kujifanya jambo hilo halikugusi ni kujidanganya, na watumishi huliona upesi. Kwa hiyo lishughulikie mapema, nje ya ofisi. Kaa na mwenza wako mpige hesabu za nyumbani: mkopo wa benki uliodhaminiwa na mshahara umebaki kiasi gani, ada za shule zinadaiwa lini, na mtaishije ukishushwa cheo, ukihamishiwa mkoa mwingine au ukiondolewa. Wanaofanya hesabu hiyo hupata utulivu fulani hata pale majibu yanapokuwa mabaya, kwa sababu hofu yao imepata kiasi na mipaka.

Tafuta mtu mmoja asiye mtumishi wa taasisi yako ambaye unaweza kumweleza yote: mkubwa wako wa zamani aliyestaafu, ndugu, kiongozi wa dini, mshauri nasaha. Usimgeuze katibu muhtasi wako wala naibu wako kuwa mtu huyo. Wao pia wanasubiri barua, na mzigo wako utawalemea mara mbili.

Jifunze pia dalili za kuishiwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linauelezea uchovu mkubwa wa kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, na linauweka kwenye mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimoyo, na kushuka kwa ufanisi. Dalili ya pili ndiyo huwapita viongozi bila kuiona, kwa kuwa huja ikiwa imevaa sura ya uzoefu. Ukijisikia unasema "hawa watu hawaridhiki hata ufanyeje" kila baada ya kikao, pumzika kabla hujaendelea. Panga muda wa kulala na usiuguse. Zima simu ya ofisi saa fulani ya usiku na uwatangazie wote saa hiyo. Siku moja katika juma isiwe na kikao chochote cha muungano.

Hatua ya tatu: kikao cha kwanza

Hiki ndicho kikao kitakachokumbukwa, na ndicho wakuu wengi hukiahirisha wakisubiri wapate la uhakika. Kifanye ndani ya siku mbili tangu tangazo litoke, hata kama karatasi yako ya kwanza ina mistari mitatu tu. Ukimya wa juma moja hujazwa na kikundi cha WhatsApp, na kilichokwisha kuaminiwa humo hakiondolewi kwa urahisi na kikao chako.

Ita kila mtu. Madereva, wahudumu, watunza kumbukumbu na watumishi wa mkataba husahaulika mara nyingi, na wao ndio huanza kuulizana kama bado wana kazi. Walio likizo, pamoja na mama aliye likizo ya uzazi, wapigie simu siku hiyohiyo kabla hawajasikia kwa jirani. Wa kituo cha mkoani waunganishwe kwa simu. Wasiletewe habari na mtu aliyepita safarini.

Zungumza kwa dakika zisizozidi kumi na tano, kisha acha maswali yachukue saa nzima. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: sema kilichoamuliwa na taja hati yake, sema sababu iliyotolewa, kwa maneno ya waliotoa, bila kuongeza chumvi, sema usichokijua, kipengele kwa kipengele, taja siku ya kikao kijacho. Maneno yanaweza kuwa ya kawaida kabisa, kama haya:

"Ndugu zangu, sheria imepita na taasisi yetu itaunganishwa na wenzetu kuanzia tarehe iliyomo kwenye tangazo hili ambalo nimelibandika ubaoni. Muundo mpya haujatoka. Sijui ni vyeo vingapi vitabaki katika idara yetu, na cheo changu mwenyewe ni miongoni mwa nisivyovijua. Mishahara ya mwezi huu na ujao itapita katika utaratibu uleule. Hilo nimelithibitisha na mhasibu mkuu leo asubuhi. Tutakutana tena Jumatano saa tatu, na kila Jumatano baada ya hapo, iwe kuna jipya au hakuna."

Sentensi ya mshahara ina uzito kuliko zote, na kwa hiyo usiitamke kabla hujaithibitisha kweli. Jambo ambalo hupaswi kulitamka hata ukisihiwa ni ahadi kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Hulimiliki jambo hilo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika muungano huwa fupi zaidi, kwa kuwa barua ya kwanza ya kumwondoa mtu itakapotoka, hakuna neno lako litakalosikilizwa tena, hata lile la kweli ambalo lingemsaidia anayebaki.

Mtu akikuuliza kwa hasira, usimjibu kwa hasira wala kwa hotuba. Rudia swali lake kwa maneno yako, mwulize kama umelielewa, kisha jibu au liandike. Mzee wa ofisi akisimama na kusema ameona miungano mingine na yote ilikuwa maneno matupu, mpe heshima yake na umwombe aseme ni kipi kilichoharibika wakati ule. Utapata orodha ya mambo ya kuzuia kutoka kwa mtu anayeyajua.

Hatua ya nne: Jumatano na daftari la maswali

Kikao cha kila juma kifanyike siku ileile, saa ileile, kwa dakika thelathini, na kisifutwe kwa sababu hakuna habari. Kusema "juma hili hakuna jipya, niliuliza ofisi ya utumishi Jumatatu, wakasema muundo uko kwa menejimenti" ni habari tosha. Watu waliozoea kuambiwa pia pale pasipo na kitu huacha kusoma maana katika kila mlango unaofungwa.

Fungua daftari moja la maswali likae mahali ambapo kila mtu anaweza kuliandika bila kutaja jina. Kila swali liwe na tarehe lilipoulizwa, nani ametumwa kulifuatilia, na tarehe lilipojibiwa. Maswali yasiyojibiwa yasomwe kwa sauti kila Jumatano. Inauma kidogo kusoma swali lilelile kwa juma la tano, na maumivu hayo ndiyo yatakayokusukuma kwenda kuligonga tena huko juu.

Kuhusu kikundi cha WhatsApp cha idara, usijaribu kukifunga wala kukipeleleza. Chukua uvumi unaozunguka humo, uandike kwenye daftari, na uujibu kikaoni kwa hati. Nchini Tanzania taasisi ya umma ina pia baraza la wafanyakazi, chombo kilichoanzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na vyama vya wafanyakazi kama TUGHE na TUICO vina matawi katika sehemu nyingi za kazi. Wajumbe wao wapewe nakala ya daftari. Ni kosa kuwaona kama wapinzani: wana njia za kufikisha swali juu ambazo wewe huna, na swali lililofika kwa njia mbili hujibiwa haraka zaidi.

Hatua ya tano: mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, na majalada

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Ndani ya mwezi wa kwanza kaa na kila mtumishi wa idara, kwa nusu saa, mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa imezimwa. Muulize mambo matatu. Ni kipi katika muungano huu kinachokunyima usingizi? Ni jambo gani la nyumbani ambalo uamuzi wa uhamisho utaligusa? Na je, jalada lako limekamilika?

Swali la kwanza litakushangaza. Hofu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kiongozi anayedhani wote wanaogopa kupoteza kazi atawafariji vibaya. Aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu anaogopa kumbukumbu za michango yake zisipotee katikati. Kijana wa mkataba anaogopa kwamba mkataba utaisha wakati hakuna mwenye mamlaka ya kuuongeza. Mama mwenye mtoto wa darasa la saba anaogopa kuhamishiwa Dodoma mwezi Mei, miezi michache kabla ya mtihani. Mweka hazina wa SACCOS ya wafanyakazi anaogopa kwamba makato ya wanachama yatakatika siku orodha ya mishahara itakapohamia kwenye mfumo mpya. Fundi wa kompyuta anaogopa kwamba mfumo aliojenga kwa miaka utazimwa, na hofu yake ni ya heshima zaidi kuliko ya fedha. Kila moja ya hizi ina dawa yake, na nyingine zinatibika kwa barua moja.

Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, na nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu watumishi wengi huumia katika muungano kutokana na karatasi iliyokosekana kuliko kutokana na uamuzi mbaya wa mtu. Majalada husafirishwa kwa malori, hupangwa upya na watu wasioyajua, na taasisi mpya huamini kilichomo ndani yake. Mwombe kila mtumishi ahakiki, akiwa na afisa utumishi, kwamba jalada lake lina barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya elimu, cheti cha kuzaliwa au kiapo chake, majina ya wategemezi, salio la likizo, na hati ya malimbikizo anayodai, kama yapo. Taarifa ya michango ya pensheni iombwe na ichapishwe. Majina yaandikwe sawasawa katika hati zote. Tofauti ya herufi moja kati ya kitambulisho cha taifa na barua ya ajira inaweza kumchelewesha mtu kwa miezi. Mtumishi achukue nakala ya kila kitu na kuiweka nyumbani.

Aliyekaimu cheo kwa muda mrefu bila barua apewe kipaumbele. Muundo mpya hautamtambua kwa kazi aliyoifanya. Utamtambua kwa barua. Iandike sasa, ukiwa bado una mamlaka ya kuipendekeza.

Zungumza na kila mtu kwa namna anavyostahili kwa umri wake. Mhudumu mwenye umri wa mama yako ni mama hata kama wewe ni mkurugenzi, na mazungumzo kama haya yakianza kwa kumuuliza habari za wajukuu hayapotezi muda. Andika uliyoahidi kufuatilia, umsomee kabla hajatoka, na umrudie ndani ya siku kumi na nne hata kama hujafanikiwa.

Hatua ya sita: punguza kazi, kisha uilinde

Muungano ni kazi ya ziada juu ya kazi. Takwimu za mifumo miwili hulinganishwa usiku, orodha za mali huandikwa upya, vikao vya kamati havihesabiki, na mwananchi aliye dirishani bado anataka huduma yake. Timu haiwezi kubeba yote, na asiyeamua nini kiachwe ameacha uchovu uamue. Orodhesha kazi za idara na ugawe: zisizoweza kusimama hata siku moja, kama kulipa pensheni au kutoa dawa, zinazoweza kupunguzwa kasi, na zinazoweza kusubiri hadi muungano utulie. Kundi la tatu lipelekee mkuu wako kwa maandishi upate kibali chake. Ripoti ya robo mwaka ambayo hakuna anayeisoma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tarajia makosa. Mtu anayefanya kazi kwenye mifumo miwili atalipa mara mbili, atapeleka barua kwa anwani ya zamani, atasahau hatua. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika hospitali nchini Marekani na akakuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyofikia ni kwamba watu katika timu hizo waliweza kuyataja makosa bila woga, huku wengine wakiyaficha. Kwa hiyo siku mtu atakapokujia kukiri kwamba amekosea, neno lako la kwanza liwe shukrani, la pili liwe swali la namna ya kurekebisha, na suala la uwajibikaji lisubiri hadi tatizo litatuliwe. Wengine wote wanakutazama wakati huo, nao wanaamua kama watakuja au watanyamaza.

Hatua ya saba: kuwaweka pamoja waliokuwa mbalimbali

Watu wa taasisi mbili wakikutana, maneno "sisi" na "wao" hukaa muda mrefu. Usiyakemee, yapunguzie sababu. Mgawanyo wa vyumba, viti na magari ufanywe kwa kanuni iliyotangazwa, kwa maana waliohamia kwenye jengo la wenzao hujiona wageni kwa miezi mingi. Wape kazi ya pamoja yenye mwisho unaoonekana, kama kufuta mrundikano wa maombi yaliyosubiri kutoka pande zote mbili, na kila jozi iwe na mtu mmoja wa huku na mmoja wa kule.

Linganisheni taratibu kabla ya kuchagua. Taasisi kubwa hupenda kudhani kwamba utaratibu wake ndio sahihi, ilhali ile ndogo mara nyingi ina njia fupi iliyozaliwa na uhaba. Kila utaratibu wa taasisi ndogo unaochukuliwa utajwe hadharani kwamba umetoka kwao.

Kuna jambo ambalo miongozo ya menejimenti hailigusi kabisa, nalo ni mfuko wa kufa na kuzikana. Karibu kila ofisi kwetu ina wake, wenye viwango vyake na katiba yake, hata kama imeandikwa kwenye kurasa mbili. Msiba wa kwanza baada ya muungano ukitokea kabla mifuko hiyo haijakubaliana, mfiwa atatendewa kwa kanuni mbili na jeraha litabaki. Waombe viongozi wa mifuko hiyo wakutane mapema, wakubaliane walau kuhusu kiwango cha muda. Ukifika msibani pamoja na watu wa pande zote mbili mkiwa kundi moja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo semina za siku tatu hazifanyi.

Hatua ya nane: wanaoondoka

Iwapo watu watapunguzwa, sheria ina utaratibu, na mkuu wa idara anapaswa kuujua hata kama si yeye anayeusimamia. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kutoa taarifa ya kusudio mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua watakaoondoka na wakati wake. Kiinua mgongo chini ya sheria hiyo si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika. Watumishi wa serikali wana kanuni zao zaidi ya hizo, kwa hiyo afisa utumishi aulizwe mapema.

Namna ya kumwambia mtu ni wajibu wako. Mwambie ana kwa ana, asubuhi, katikati ya juma, ili apate muda wa kuuliza ofisi zikiwa wazi. Usianze kwa kuzungukazunguka. Mwambie katika sentensi ya kwanza kwamba nafasi yake haimo kwenye muundo mpya, nyamaza, na umwache apokee. Kisha mkabidhi karatasi yenye malipo yake, tarehe zake, bima yake ya afya inaisha lini, deni lake la SACCOS au benki litashughulikiwaje, na nani wa kumwona. Kauli kama "kila jambo hutokea kwa sababu" mwachie aseme mwenyewe akitaka. Muulize angependa wenzake waambiwe vipi, na ufuate alivyosema. Barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine iwe tayari siku hiyo, imeandikwa na mtu anayeijua kazi yake.

Wafanyie wanaoondoka hafla ya kuwaaga, hata ya chai na vitumbua, na kazi zao zitajwe kwa majina. Wanaobaki wanapima hapo namna wao wenyewe watakavyotendewa.

Hatua ya tisa: miezi inayofuata

Viongozi hulegea siku bango jipya linapobandikwa, wakati timu ndipo inaanza kuhisi uchovu uliokuwa umezuiliwa na shughuli. Miezi ya tatu hadi ya sita baada ya muungano ndiyo ya kutazama mahudhurio, ruhusa za ugonjwa, ugomvi mdogo mdogo na watu wazuri wanaoomba uhamisho. Endelea na kikao cha juma hadi maswali yote ya daftari yapate majibu, kisha kipunguze kiwe cha kila mwezi kwa kukubaliana na timu.

Mwezi wa sita pitia tena majalada, ukianza na wale watakaostaafu ndani ya miaka miwili, na uhakikishe kwamba michango yao imeonekana katika mfumo mpya bila pengo. Pitia pia salio la likizo. Utakuta kwamba waliobeba mzigo mkubwa ndio wasiopumzika tangu tangazo litoke. Wapangie tarehe, wape kaimu, na uwatilie saini fomu za likizo kabla hawajapata sababu ya kuahirisha. Fomu yako iwe ya kwanza kwenye faili hilo.